Barua Tatu za Kitufe cha Kushoto

Mama Masijala mpendwa, shikamoo.

Nakusoma kila Jumamosi na mara nyingi nimecheka na kusema huyu naye kajitakia, sasa leo mimi ndiye niliyejitakia, na sina wa kumwambia kwa sababu mtu ambaye siku zote ninamwambia mambo yangu ndiye anayehusika, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho, halafu unigombeze utakavyo.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika kiwanda cha uchapaji, tunachapa vitabu vya shule, kalenda na vitabu vya risiti, na chumba changu kiko ghorofani, zamani kilikuwa choo cha wageni, bomba bado liko ukutani na mimi hutundika koti langu hapo, na seva ya barua pepe imekaa palipokuwa na sinki. Barua pepe zote za kiwanda, za mkurugenzi na za mlinzi, zinapita humo. Kaka yangu wa kwanza ndiye msimamizi wa chumba cha kumalizia kazi, pale karatasi zinapokunjwa, kushonwa na kukatwa, na wafanyakazi wanamwita Chapuchapu kwa sababu hilo ndilo neno lake la asubuhi na la jioni. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita na yeye kumi na saba, akaacha shule akaingia kiwandani kufagia vipande vya karatasi, na mimi nilijifunza kuandika nyuma ya kurasa zilizoharibika alizokuwa ananiletea jioni, upande mmoja hesabu za darasa la nne, upande wa pili herufi zangu. Nakwambia haya ili ujue ninayemzungumzia si mtu baki.

Miaka mitatu iliyopita kamati ya wafanyakazi iliomba iwepo anwani ya kupeleka malalamiko bila mtu kujulikana, kazi hiyo nikapewa mimi, nikatengeneza anwani nikaiita sauti. Anwani hiyo haina kikasha chake, ni jina tu, sisi mafundi tunaiita lakabu, maana yake seva inayo orodha, kila mstari una lakabu na mbele yake majina ya wanaotakiwa kupokea, barua ikija seva inatazama orodha na kuwagawia. Nikaweka pia utaratibu wa kufuta jina la mtumaji kabla barua haijamfikia mtu, nikasimama mbele ya wafanyakazi wote wakati wa chai nikawaambia, “Andikeni bila woga, hakuna atakayejua ni nani kaandika, hata mimi.” Hayo maneno ya “hata mimi” niliyasema kwa kinywa changu, na watu wakapiga makofi.

Kwenye mstari ule niliandika majina mawili, la mwenyekiti wa kamati wa wakati huo, fundi jalada tuliyekuwa tunamwita Mzee Gundi, na la kwangu, la kwangu niliweka kwa ajili ya kujaribu tu kama barua zinafika, nikajiwekea na folda pembeni nikaiita Jaribio ili nakala zisinichanganye, na barua za kujaribu zilipofika nikafurahi, nikasahau kujitoa.

Mwaka jana Mzee Gundi akastaafu, wakamchagua mama wa stoo kuwa mwenyekiti, na alasiri ile ile nikafungua orodha, nikafuta jina la mzee, nikaandika la mama wa stoo, na kwa kuwa nilikuwa humo humo nikafuta na la kwangu, nikahifadhi faili. Sasa Mama, seva yetu ina tabia moja, ukishabadilisha orodha ni lazima uipe amri iisome upya, usipoipa amri hiyo inaendelea na orodha iliyomo kichwani mwake hata ukiizima na kuiwasha mara mia. Mimi najua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilipokuwa naweka vidole niandike amri, mhasibu akapiga simu kwamba printa imemeza karatasi, nikashuka, nikachafuka wino mpaka kwenye viwiko, niliporudi nikaosha mikono nikaenda nyumbani. Tangu siku hiyo kila nikifungua faili naona jina la mama wa stoo limekaa vizuri mahali pake, nasema safi, nafunga. Kikasha cha Mzee Gundi nacho hakikufungwa kwa sababu fomu ya kukifunga haikuletwa, kwa hiyo barua hazikurudi kwa aliyezituma, zilikuwa zinaingia kwa mzee aliye nyumbani kwake na hana haja ya kufungua, na kwenye folda yangu ya Jaribio ambayo mimi mwenyewe nilisahau kama ipo.

Wiki mbili zilizopita kikasha changu kilijaa, nikaanza kupekua folda za kufuta, nikaikuta Jaribio, ndani matangazo ya takataka na barua tatu ambazo hazijafunguliwa.

Ya kwanza ni ya miezi mitano iliyopita. Inasema kitufe cha kushoto cha gilotini kimefungwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme kwa amri ya msimamizi. Gilotini ndiyo mashine kubwa ya kukata karatasi, kisu chake ni kirefu kama mlango, na ina vitufe viwili mbali mbali ili mkataji atumie mikono yote miwili, asiweze kuwa na mkono chini ya kisu kinaposhuka. Ukifunga kimoja kikabaki kimebonyea, mkono mmoja unabonyeza kingine na mkono wa pili unanyoosha karatasi mle ndani, na kazi inakwenda haraka kweli. Ya pili ilikuja baada ya miezi miwili, inasema, “Juzi kisu kimechukua ncha ya mkono wa shati langu. Mkono wenyewe hakikuugusa. Naomba kamati ije kuona.” Ya tatu ni fupi, nimeikariri. “Sihitaji jibu refu. Nimeandika mara tatu. Naomba neno moja tu kutoka kwa yeyote kwenye kamati, kwamba imefika.”

Hapo ningekwenda kwa mama wa stoo, najua. Sikwenda. Nilikaa nikajiambia kwanza nijue kama ni kweli au ni mtu ana chuki na kaka, na seva ina kumbukumbu ya kila barua imetoka wapi, kumbukumbu ambayo haifuti jina, nikaifungua. Ni dada mkata karatasi. Ndiye ninayekula naye mchana, kila siku ananigawia nusu ya chungwa lake, na mimi nikakumbuka kwamba tangu kama miezi mitatu amekuwa kimya nami, hanitanii tena, nami nilidhani ana mambo ya nyumbani. Kumbe kila akinitazama anaona kamati nzima iliyomnyamazia, na juu ya hayo mimi ni dada wa msimamizi.

Jumapili nikaenda kwa kaka kama kawaida, tukala, wifi akatoa vyombo, nikasema kama natania, “Kaka, hivi kile kitufe cha gilotini kimekuwaje?”

Akaweka glasi chini. “Nani kakwambia?”

“Nimesikia tu.”

“Umesikia kwa nani? Wewe unakaa na waya zako huko juu, unasikiaje kitufe?”

“Kaka, ni hatari lakini.”

“Mdogo wangu, hatari ni kupeleka vitabu shuleni watoto wameshafunga. Mashine ile naijua kabla wewe hujaota meno ya pili. Niambie nani.”

Sikumwambia, naapa, lakini nilikuwa nimeshamwambia kwamba msemaji yupo. Jumatatu akaanza kuuliza mmoja mmoja. Jumatano akaamua ni yule baba mwenye miwani, mkataji wa pili, mtu mpole asiyejua hata kufungua barua pepe, akamhamishia kupakia maboksi kwenye gari, na mgongo wake ni mbovu. Sasa dada mkata karatasi yuko peke yake kwenye gilotini, anakata kazi ya watu wawili, kitufe bado kimefungwa.

Mama Masijala, nafikiri hivi. Naweza kuipa seva amri ile leo, ni neno moja, kuanzia hapo barua zote zitamfikia mama wa stoo, nifute folda ya Jaribio, na hakuna atakayejua kwamba tatu za mwanzo zilipotea mikononi mwangu wala kwamba nilimchungulia mtu jina. Dada akiandika ya nne itafika. Lakini je, asipoandika ya nne? Nikizipeleka hizi tatu, kaka anaweza kufukuzwa, na ni mimi nitakuwa nimemfukuzisha mtu aliyeacha shule ili mimi nisome, na damu nzito kuliko maji. Nisipozipeleka, kila nikisikia mashine ile chini inadunda nakunja vidole vyangu mwenyewe. Maji yamenifika shingoni, nifanyeje?

Ukiona vyema kuichapisha, ondoa anwani yangu.

Fundi wa Ghorofani


MAMA MASIJALA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma: kama kitufe kile bado kimefungwa, weka gazeti chini, nenda. Jibu langu halitakimbia.

Umerudi? Haya.

Barua yako ilinifikia Jumanne saa nne asubuhi. Nilikuwa bado naisoma simu ikalia, mhariri wangu wa zamani, aliyestaafu mwaka juzi. Hakunisalimu. “Umeshamjibu yule binti wa mashine ya kukata? Usisubiri Jumamosi, mtu atakatwa!” Nikamwambia nitamjibu, halafu nikashtuka. “Wewe umeijuaje barua yake?” Akanijibu bila wasiwasi, “Si barua zako zote huwa zinanijia? Nilidhani umeniweka makusudi, unathamini mawazo yangu.”

Miaka miwili, mwanangu. Siri zenu zote wasomaji wangu, za ndoa, za wakwe, za majirani, zilikuwa zinasomwa na mzee mmoja barazani kwake akinywa chai. Nilishuka kwa fundi wetu nikamwambia afungue orodha yake, akausoma mstari wa safu hii, akajikuna kisogo. Jina la mzee limetolewa siku hiyo hiyo, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kufundishwa na wewe, nilisimama nyuma ya kiti cha fundi nikamwuliza, “Na ile amri ya kuisomesha seva upya?” Akanigeukia kama aliyeona mzimu. Kisha tukatuma barua ya jaribio, tukampigia mzee, akasema hajapata kitu. Alisikitika kidogo. Kwenu wasomaji naomba radhi, na nasema nilivyofanya, ili nikimgombeza huyu binti msidhani mimi ni malaika.

Sasa nikugombeze.

Kusahau amri nakusamehe. Mimi nilikaa masijala miaka ishirini na sita nikipokea barua za watu na kuzigawa, na niliwahi kuitia barua ya mtu kwenye droo isiyo yake ikakaa siku kumi na moja. Printa humeza karatasi, simu hulia, binadamu husahau. Hata kutazama faili na kuona jina limekaa vizuri, ukadhani kazi imekwisha, nalo nalielewa. Wengi wetu tunaamini kilichoandikwa, hatuendi kuona kilichofanyika. Lakini ile barua ya siku kumi na moja nilipoigundua sikuirudisha kimya kimya kwenye droo sahihi. Niliishika mkononi nikampelekea mwenyewe mpaka mezani, akanimwagia maneno mbele ya watu, nikayapokea yote.

Wewe ulizigundua ukafanya nini? Ukachungulia jina. Hapo hukusahau kitu, hapo ulitaka. Unasema ulitaka kujua kama ni kweli. Mwanangu, usinichezee. Ukweli ulikuwa chini ya ngazi, hatua thelathini, kitufe chenye utepe mweusi, ungeshuka ukatazama kwa macho yako na hukuhitaji jina la mtu. Ulifungua kumbukumbu kwa sababu ulikuwa unaomba Mungu aliyeandika awe mtu mbaya, ili upate sababu ya kumwacha kaka yako kwa amani. Ukamkuta ni wa nusu chungwa.

Halafu Jumapili ukaenda kuuma na kupuliza. Hukumwonya kaka, hukuwasaidia wakataji, ulimpa tu habari kwamba kuna msemaji, basi, ukarudi nyumbani umeshiba. Yule baba mwenye miwani anabeba maboksi kwa mgongo mbovu kwa ajili ya lile swali lako la kama utani. Nisikufiche, hilo limeniuma kuliko yote. Wengine wote kwenye habari hii walikuwa na la kusema. Yeye hakusema kitu, hakuandika kitu, na ndiye pekee aliyekwisha kuadhibiwa.

Na huo mpango wako wa kufuta folda, naomba nikuulize kitu, fundi. Nakala za Mzee Gundi ziko wapi? Si umesema mwenyewe kikasha chake kiko wazi mpaka leo? Siku atakapokumbuka nenosiri lake, au fomu itakapoletwa na mtu akafungua kabla ya kufunga, barua tatu hizo zitakuwa zimekaa zinamsubiri, na tarehe zake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hata uongo wako hukuumaliza vizuri.

Basi, pole. Nimekugombeza, sasa nikushike mkono, maana nimeona pia kwamba umeandika mwenyewe, hukubanwa na mtu, na aliyeamua kabisa kunyamaza haniandikii mimi kurasa mbili.

Chapisha barua zile tatu kwenye karatasi, bila jina. Usizitume kwa barua pepe, umeshaona barua pepe zinavyokwenda kwenu. Shuka nazo kwa miguu mpaka stoo, mwambie mwenyekiti, “Hizi zilikuwa zako, zimekaa kwangu kwa kosa langu.” Mweleze orodha, mweleze amri uliyoisahau. Mwambie pia kwamba wewe ndiye uliyeropoka nyumbani na kwamba baba mwenye miwani hana hatia. Akikuuliza ni nani aliyeandika, mwambie hilo halitoki kinywani mwako. Ulivunja ahadi mara moja, usiivunje mara ya pili ukiita ni ukweli. Kisha nyinyi wawili muende kwa meneja, na mashine isimame mpaka utepe utoke. Mkiambiwa kuna vitabu vya shule vinasubiriwa, mjibuni kwamba vitasubiri.

Ukitoka kwa meneja, usirudi ghorofani. Nenda kwa kaka yako saa hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Angalia nilivyopanga: baada ya mwenyekiti, si kabla. Aliyekulea ana haki ya kusikia ukweli kutoka kwako uso kwa uso. Hana haki ya kuusikia mapema ili auzime.

Atakasirika. Atakutajia zile karatasi ulizojifunzia kuandika, na atakuwa anasema kweli, na utalia, lia. Lakini mwambie hivi: ulizisoma barua zile kwa herufi alizokufundisha yeye. Mimi simwoni kaka yako kuwa mtu mwovu. Namwona mtu aliyeanza na ufagio akapanda mpaka usimamizi, na tangu hapo anaogopa kuchelewa, anaamini siku akichelewa mara moja atarudishiwa ufagio wake. Watu wa namna hiyo ndio hufunga vitufe. Haraka haraka haina baraka tunaisema tangu utotoni, ila hakuna anayemwambia msimamizi wake. Kama atapewa barua ya onyo, akipewa likizo ya lazima, akishushwa cheo, atakuwa bado ni kaka yako na mtakula pamoja Jumapili nyingine, labda si hii inayokuja. Sasa fikiria upande wa pili, kisu kishuke juu ya mkono wa yule dada, na ajali ichunguzwe, na barua tatu zionekane. Hapo hutakuwa na cha kumwokolea kaka. Unaniambia damu nzito kuliko maji. Sawa. Hata ya mkata karatasi ni damu.

Umefika wakati wa dada mwenyewe. Huyu usimwandikie na usimtume mtu. Kaa naye mahali mnapokula, mwambie ulisema “hata mimi” na haikuwa kweli, kwamba ulitazama. Usijitetee. Huenda akakunyima chungwa mwezi mzima, au milele, ni haki yake. Ila ajue kwamba hakuna aliyemdharau, kwamba miezi mitano alikuwa anagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Nadhani kujua hilo kutampunguzia kitu, ingawa kutamwongezea hasira juu yako.

Baada ya hayo ndipo upande kwenye choo chako cha wageni, ukaipe seva amri yake. Kisha tuma barua ya kujaribu kwa anwani ile, shuka mpaka stoo, simama mbele ya mwenyekiti mpaka umwone kwa macho yako anaifungua. Fanya hivyo kila anapochaguliwa mwingine. Ile kumbukumbu ya majina iwekee muda, ijifute baada ya siku chache, na nenosiri lake wagawane watu wawili, nusu wewe, nusu kamati, ili siku ukishikwa tena na hamu ya kujua, ulazimike kwanza kumwomba mtu mwingine na kumweleza kwa nini. Na kikasha cha Mzee Gundi kifungeni. Fomu ikikosekana, iandike wewe.

Gazeti hili halichapwi kwenu, lakini najua linauzwa mlangoni kwenu. Nimebadilisha jambo moja au mawili kumhusu aliyeandika zile tatu, asijulikane kupitia safu hii, hata hivyo mtu wa kwenu akisoma atajua ni kiwanda gani. Ndiyo maana sikungoja Jumamosi. Jumanne ile ile, baada ya kuachana na fundi wetu, nilikujibu kwa anwani uliyoniandikia, mistari mitatu: nenda kwa mwenyekiti leo, kitufe kwanza, kaka baadaye.

Leo naandika haya ni Alhamisi jioni na sijapata kitu kutoka kwako. Kompyuta ikilia nainuka. Nimeshajiuliza kama umeudhika, kama umeogopa, kama umeamua kufuta folda, au kama mistari yangu imeingia kwenye folda ya mtu aliyestaafu. Ni siku mbili tu, na mimi nimekaa kitini, mikono yangu iko salama juu ya meza. Yule dada amengoja miezi mitano, mkono wake ukiingia na kutoka chini ya kisu.

Mwambie mwenyekiti abandike ubaoni jibu la zile barua tatu, bila jina, kabla ya kikao, kabla ya muhtasari, kabla ya kuunda kamati ndogo ya kuchunguza kamati. Na wewe ukishatoka kwenye ile mashine ukiwa umeushika ule utepe mweusi, nakuomba nami alichoomba yeye. Niandikie neno moja, kwamba imefika.